Baba wa Kipa

Tangu Alhamisi ile nimekuwa mtu wa kuinuka inuka. Naketi kunywa chai, nainuka kabla haijapoa. Nawasha redio, naizima. Na redio ndiyo kazi yangu: ni mtangazaji wa michezo katika kituo kimoja mjini Kisii, na kwa miaka mingi sauti yangu imeingia majikoni, kwa vinyozi na kwenye steji za boda boda kutoka Ogembo hadi Nyamira bila kubisha hodi. Nikimbatiza mchezaji jina saa moja jioni, kesho yake asubuhi Suneka nzima inamwita hivyo. Nilipenda hilo. Nisidanganye, nililipenda mno.

Kocha ndiye niliyemkuza kuliko wote. Anafundisha soka ya wanawake katika chuo kimoja cha ualimu. Ni mtu wa kuja, si Mgusii, na alipofika hakuna aliyemjua. Nilimpa dakika tano kila Alhamisi. Timu ikashinda, dakika zikawa ishirini, mwishowe nikawa namwita hewani Mwenye Chuo. Mzaha ukageuka kweli. Mkuu wa chuo akawa anasimama kocha akiingia ofisini. Wanasiasa wakaja kupigwa picha naye. Msichana aliyejua mpira alipata nafasi ya masomo kwa neno lake, na kwa neno lake aliipoteza. Mimi nami nilipata habari kabla ya watangazaji wengine, nikaacha kumwuliza maswali ya kuudhi.

Kipa wake alitoka Keumbu, msichana mrefu, mpole nje ya uwanja na mkali ndani yake. Nafasi yake chuoni ilitegemea zile glavu. Jumatano, siku nne kabla ya fainali, alimtumia kocha ujumbe akiwa tayari njiani: "Kocha nisamehe, baba ni mgonjwa sana, naenda nyumbani." Alhamisi mchana kocha alinipigia simu akitokota.

"Baba gani?" aliniuliza. "Mwaka jana nilienda mazishi ya baba yake na timu nzima. Nilitupa udongo kwa mkono wangu huu! Anaogopa fainali, huyo. Nimemtoa kwenye kikosi, na fainali ikiisha atoke na chuoni pia. Sema hewani, wengine wajifunze."

Nikasema. Tena sikusema tu, nilipamba. "Kipa wetu amefanya muujiza," nilisema, "amemfufua baba yake ili apate ruhusa." Fundi wa mitambo alicheka hadi akapaliwa. Nilipotamka lile neno "baba" kuna kitu kiliniambia ngoja, nikakipuuza, nikaweka tangazo la mbolea.

Sijafika hata kwenye ngazi za nje, mama yangu akapiga simu kutoka nyumbani. Husikiliza kila kipindi changu ingawa hajui kuotea ni nini.

"Huyo msichana alisema nani ni mgonjwa?"

"Baba," nikamwambia.

"Unaniita, ama unanijibu?"

Hapo ngazini ndipo nilipoelewa. Kwetu, kwa Ekegusii, mama ndiye tunayemwita baba. Baba mzazi tunamwita tata. Shuleni tulichapwa hadi tukalitenganisha neno la nyumbani na la Kiswahili, lakini mtu akishtuka, neno la nyumbani ndilo hutangulia. Kocha hakuwa na namna ya kujua. Mimi nilijifunza kuongea kwa hilo neno. Ningekuwa natangaza kwa Ekegusii, mzaha ule ungenifia mdomoni.

Ijumaa asubuhi nilimfuata kocha uwanjani nikamweleza. Alinisikiliza huku akitazama mazoezi, akipuliza filimbi katikati ya maneno yangu.

"Huenda ni kweli," alisema. "Lakini nikimrudisha leo, watasema naendeshwa na redio. Wewe ndiye ulitangaza, wewe usahihishe. Ila mimi usinitaje, kama bado unataka Alhamisi zako."

Nilikasirika hadi masikio yakawaka moto. Kisha nikasema, "Sawa, kocha."

Ningeweza kusoma masahihisho kwenye taarifa ya saa saba mchana, watu wakila. Niliahirisha hadi saa kumi. Saa kumi nikaahirisha tena. Niliyasoma saa moja jioni, sentensi mbili za mbio: kulitokea kutoelewana kuhusu ugonjwa katika familia ya kipa, tunasikitika. Jua lilikuwa limezama, Sabato imeingia, na katika nyumba za Wasabato, kwa mama yangu na kwa kina kipa, redio zilikuwa zimezimwa. Nilijua. Nilikuwa nimeitazama saa mchana kutwa kama mwanafunzi anayengoja kengele.

Jumapili, siku ya fainali, nilimwachia mwenzangu maikrofoni nikaenda Keumbu. Kabla sijauliza njia, nikawasikia vijana wa boda boda wakimzomea msichana mrefu aliyekuwa akitoka duka la dawa.

"Kipa! Baba ashafufuka?"

Walikuwa wakitumia maneno yangu, hata ile pumzi ninayovuta kabla ya kichekesho waliiiga. Niliona aibu hadi nikatamani kugeuka nirudi mjini. Nilimfuata, nikamsalimu, na sauti yangu akaijua kabla sijajitambulisha. Hakunitukana. Alinionyesha njia kwa kidevu, akatangulia.

Mama yake alikuwa ameketi uani juani, amejifunika shuka, mashavu yamebonyea. Nilikuwa nimepanga maneno yangu tangu Kisii: msamaha, na ahadi kwamba Alhamisi nitasema yote saa ambayo kila mtu anasikia, kocha apende asipende, ili msichana arudishiwe nafasi yake. Lakini mtu mzima husalimiwa kwanza. Nikainama, nikampa mikono miwili, na mdomo ukafanya ulivyozoea.

"Bwakire, Baba," nikasema.

Yule mama akaitikia vizuri, taratibu. Binti yake alikuwa akifungua pakiti ya vidonge. Mkono ukasimama, na kwa mara ya kwanza tangu dukani akanitazama usoni.

"Kumbe hilo neno unalijua," akasema.