Mwindaji Aliyelaumu Sabuni

Abeli alikuwa mwindaji wa mdomoni. Upinde anao, mishale anayo, kibali cha kuwinda swala anacho kama wenzake pale Farkwa, ila nyama, thubutu! Mkewe Emiliana alikuwa akiisikia kwenye masimulizi tu, chunguni haikuwahi kuingia.

Na kosa la nani? La Emiliana, nani tena! Wawindaji wa kwao wana mwiko: siku za kuwinda mke haogi kwa sabuni ya kunukia, hajipaki mafuta, halali karibu na mumewe, maana swala akinusa mtu keshatoweka. Kipindi cha joto ndiyo balaa, jasho linatangaza kila kitu. Basi Abeli akaufanya mwiko ule dini. Nguo za porini alizitundika nje zisiguswe na moshi wa jiko. Alijisugua majani mpaka akanuka kama zizi. Emiliana akikaanga kitunguu tu, bwana mkubwa huyo mlangoni, pua juu: "Unataka kuniharibia!"

Kila akirudi mikono mitupu alikwenda kukaa na wanaume, akasema, "Mke wangu ananuka sabuni." Maneno yakaenea. Wanawake wakaanza kumkwepa Emiliana kisimani, eti asiwaambukize waume zao mkosi. Mama mkwe naye akamwambia mwanawe atafute mke mwingine, tena Emiliana akiwa pale pale anapepeta mtama. Iliuma jamani. Kuolewa na mpumbavu alishazoea. Kubebeshwa upumbavu wenyewe, hapana.

Oktoba, jua likichoma kwelikweli, Abeli akatoa amri: "Nenda kwa kaka yako Filipo, Nzuguni. Nyumba isiwe na harufu yako hata chembe. Nikikosa tena, usirudi."

Emiliana alifungasha akaondoka. Kumjibu mtu kama yule ni kumpa heshima ya bure.

Haikupita wiki, Abeli huyo Nzuguni, amekonda, kwake hakuna wa kumpikia. Alikuja na mwindaji mwenzake, Gideoni, wa kumsemea, maana ndiyo desturi ya kumfuata mke.

"Nimekusamehe," Abeli alisema akiwa bado hajakaa vizuri. "Twende nyumbani."

"Swala je?"

"Aa, upepo uligeuka."

Gideoni akashindwa kujizuia, akacheka. "Upepo gani? Shemeji, usiku wa kutambikia upinde sisi tunachovya kidole kwenye wanzuki, tunaupaka upinde, basi. Mwenzetu anamaliza kibuyu. Asubuhi jua likimpiga, jasho linalomtoka ni pombe tupu. Swala hawasubiri hata tuchuchumae."

"Ni safari hii tu?"

"Safari zote, shemeji."

"Na miaka yote mnanyamaza, mimi naitwa mkosi?"

"Ah, mambo ya wanaume hayo."

Emiliana aliwatazama wote wawili, asijue nani anamchefua zaidi. Akamgeukia mumewe. "Nitarudi. Ila utangulie wewe, ukawaambie mama yako na wale wa kisimani kilichokuwa kinanuka ni nini."

Abeli akaruka. "Emiliana! Nitasemaje mbele za watu? Si utakuwa umenidhalilisha?"

Emiliana akainuka, akakusanya vikombe vya chai ambavyo wageni hawajavimaliza.

"Kaka Filipo," akaita, "wasindikize hawa."