Mama wa Ubatizo na Sindano ya Dengue

"Sindano sikuitengeneza mimi, mare. Niliambiwa niite watoto, nikaita. Sasa kila kukicha nasemwa utadhani nimeiba kuku."

Perpetua alilalamika hivyo akiwa amelishikilia lango la mianzi la Marilou, aliyekuwa ndani akikoroga uji wa wali na tangawizi. Marilou alimjibu bila kugeuka kwamba kuku, angalau, hurudishwa.

Perpetua alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji, huko kwenye mabwawa ya samaki ya Masantol. Posho yake haikutosha sabuni, lakini ulimi wake ulitosha vijiji vitatu. Sindano ya dengue ilipoletwa shuleni, alipita nyumba kwa nyumba, na ili wengine wasiogope akamtanguliza Hiyas, binti wa Marilou, ambaye yeye mwenyewe alimsimamia ubatizo; ndiyo maana yeye na Marilou huitana mare. Nani asiyependelea wake? Ila Hiyas hakuwahi kuugua dengue.

Baadaye redio ikatangaza kwamba sindano ile inamfaa mtoto aliyekwisha kuugua. Asiyewahi kuugua, siku akiipata dengue huenda ikamlemea zaidi. Nesi aliwafafanulia wahudumu: dengue ni za aina nne. Kinga iliyozoea aina moja ikikutana na nyingine, mara nyingine badala ya kuifukuza huishika mkono na kuiingiza ndani. Sindano ilimfanya mtoto asiyewahi kuugua awe kama aliyeugua mara moja, hivyo dengue yake ya kwanza ikaja kwa ukali wa ya pili. Basi akina mama wakafunga malango, hata kwa sindano ya surua.

Sasa Hiyas alikuwa na homa. Mama yake alimchemshia majani ya tawa-tawa, dawa ya kienyeji ya dengue, na asubuhi hiyo homa ikashuka. Ndiyo maana uji ulikuwa jikoni. Lakini Perpetua alikuwa amemsikia mtoto dirishani akilia tumbo, na nesi alishawaonya: dengue hugeuka hatari homa inaposhuka.

"Homa imeshuka," alisema Marilou. "Unataka nini tena? Umekuja kumalizia?"

Perpetua alilimeza hilo, yeye ambaye hakuwahi kumeza neno la mtu.

"Nitukane ndani ya bajaji, mare. Nitukane njia nzima. Ila kwanza mshike mikono."

Marilou akaenda kumshika. Mikono ilikuwa baridi kama samaki wa barafu. Uji ukaachwa motoni uungue.

Hospitalini, Perpetua hakungoja kuulizwa. Alitamka mbele ya foleni nzima kwamba mtoto huyu alichomwa ile sindano, hajawahi kuugua dengue, na aliyempeleka ni yeye. Watu wakamgeukia. Daktari hakuwa na nafasi ya kumgeukia mtu. Alitundika dripu, akasema wamewahi.

Marilou alitaka kujua kama ni sindano iliyofanya vile. Daktari akasema kwa mtoto mmoja hakuna awezaye kuapa, maana dengue huwafanyia hivyo hata wasiochomwa. Aliyechomwa akipata homa, asicheleweshwe.

Hiyas alipoanza kudai kuku wa kukaanga, mama yake aliketi kando ya Perpetua kwenye benchi.

"Na ile ya surua ya mdogo wake?"

"Hiyo ni ya miaka mingi, inajulikana. Lakini muulize daktari. Usiniamini mimi."

"Sasa ndiyo naanza kukuamini," alisema Marilou, akaenda kuuliza. Jioni alirudi kumwambia Perpetua kwamba wao wawili wampeleke pamoja mdogo wake Hiyas akachomwe ya surua, na majirani waone.

Kesho yake Hiyas akamwamkia mama wa ubatizo kwa mkono uliokingwa: zawadi yake ya Krismasi iko wapi? Krismasi zote za ule ugomvi lango lilikuwa limefungwa, na kila mtoto huko anajua ninang, yaani mama wa ubatizo, hafutiwi deni la zawadi. Perpetua akarudi nyumbani, akaja na ndala za waridi alizomnunulia Krismasi ya kwanza ya ugomvi. Vidole vilichungulia mbele, visigino vikabaki nje.

Hiyas alizivaa akatembea nazo wodi nzima. "Deni la vidole limelipwa, Ninang," alisema. "La visigino nimekusamehe."