Sauti ya Baba Kwenye Tableti

Mimi ndiye niliyeiharibu. Niseme hivyo mapema, maana nyumbani kwetu Nyamache kila mtu ananipa pole kana kwamba tableti ilijifia yenyewe.

Baba alipokuwa mgonjwa nilimrekodi akituombea kwa Ekegusii, lugha yetu, akimtaja Mama na kila mtoto. Baada ya mazishi Mama akawa anaisikiliza rekodi hiyo kila Ijumaa jua likizama, tunapofungua Sabato. Picha za Baba hakuzitaka sana. Alitaka sauti.

Ijumaa moja tableti ikagoma. Inawaka, inazunguka weee, inazima. Mama ameshaoga, ameketi sebuleni anangoja. Jua likishazama kwetu hakuna kazi tena mpaka kesho jioni, na mimi kwa kiherehere changu nikaona nitawahi. Nikachomeka flashi nikaweka mfumo mpya juu ya ule wa zamani. Rekodi sikuihamisha kwanza. Nilijiambia iko sehemu ya pili ya diski, haitaguswa.

Kweli haikuguswa. Ilifungwa tu. Sehemu ile nilikuwa nimeifunga kwa nywila kwa kuogopa wezi, na kwa kuwa mfumo wa zamani ulikuwa ukiifungua wenyewe, nywila niliisahau kabisa. Mfumo mpya haukunijua. Ukadai namba ya dharura, tarakimu arobaini na nane. Sabato ikaingia hivyo hivyo, tukaimba bila Baba.

Jumapili nikaenda kwa fundi mmoja mjini Kisii. Alihangaika nayo hadi mchana, kisha akaisukuma upande wangu.

"Mwalimu, bila namba hii haifunguki. Si hapa, si Nairobi, si popote. Uliiandika wapi?"

Jamani! Hapo ndipo nilipokumbuka. Siku ile nilipoifunga sehemu ile, tableti ilinionyesha namba hiyo; nilitafuta karatasi nikakosa, Baba akatoa kitabu chake cha nyimbo. "Soma polepole," akaniambia, akaziandika tarakimu zote ndani ya jalada la nyuma. "Hapa hazipotei." Na kweli, kitabu kile kilikuwa hakimwachi hata akienda kuchuma majani chai.

"Kwenye kitabu cha nyimbo," nikamjibu fundi.

"Si ukilete basi?"

"Tulimzika nacho."

Alidhani ninamtania. Aliponiona ninalia alikataa hata malipo.

Kaburi liko kando ya migomba, hatua chache kutoka mlango wa jikoni. Nikiosha vyombo naliona. Mama nilimweleza yote, na hakunigombeza. Heri angenigombeza! Aliuliza tu kama wino hukaa ukiwa udongoni. Nikamwambia sijui, na mvua yetu hii tunaijua sote.

Ijumaa bado anaoga mapema, anaketi kwenye kiti kile kile. Tableti ameifunika kwa kitambaa alichofuma mwenyewe. Siwezi kumtazama usoni. Siku ya mazishi, kabla jeneza halijafungwa, alikuwa amekishika kitabu kile, anataka kibaki naye. Mimi nilikitoa mikononi mwake, nikakiweka kifuani pa Baba.

"Mwache aende nacho, Mama," nilimwambia. "Sisi tuna sauti yake."