Kiganja cha Mama Mkwe

Mama mkwe wangu anauza spiriti ya kupikia, na pale dukani kwake macho hayana kazi. Mteja akileta kopo la jiko, lile ambamo spiriti hukaa na kuwaka, lijazwe, yeye hulishika kwanza kwa kiganja, kama mama anayempima mtoto homa. Likiwa na uvuguvugu analirudisha. "Kalipoze," anasema, na hata uwe na haraka ya namna gani, utakaa kwenye benchi ungoje. Mtaa mzima unamwita Kiganja. Mimi namwita mama, kwa sababu nimemuoa binti yake na sitafuti ugomvi.

Ukali huo una sababu. Mwali wa spiriti hauonekani mchana. Usiku utauona, mwembamba, wa buluu, lakini mchana jiko linaweza kuwa linawaka nawe ukaapa limezima. Ukimimina spiriti juu yake, moto unaufuata ule mmimino hadi mkononi.

Kwa miaka mingi hatukuhangaika na hilo, maana spiriti ilikuwa bei poa. Kiwanda cha sukari kiliigeuza molasi, yale masazo meusi mazito yanayobaki sukari ikishatolewa, ikawa spiriti. Serikali ikalipia sehemu ya bei ya kila lita ili watu waachane na mkaa. Mtu alijaza kopo zima, likapika mpaka likaisha, likapoa, akalileta tena.

Kisha ruzuku ikapunguzwa. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, tunamwita Waziri kwa jinsi anavyojibu maswali ambayo hajaulizwa. Ndiye aliyetueleza tukiwa mezani.

"Serikali ina mfuko mmoja na watoto wawili, gari na sufuria," alisema. "Siku hizi spiriti inachanganywa kwenye petroli, na serikali inamlipa vizuri anayeipeleka huko. Kiwanda si mjinga. Gari limelia kwa sauti, limepewa."

"Na sufuria?" mke wangu aliuliza.

"Sufuria imeambiwa ivumilie."

Ruzuku kidogo iliyosalia ingeachiwa maduka yaliyokuwa yakiuza sana, yaani yale ambayo afisa wa serikali angeyakuta yamemaliza tangi siku ya ukaguzi. Mengine yote yangeuziwa kwa bei ya kiwanda, na kwa bei hiyo mtaa wetu usingenunua. Duka hilo ndilo lililomsomesha mke wangu, na ndilo linalomlisha Waziri na mdomo wake. Kila mara mama mkwe alipopita karibu na tangi aliangalia bomba la kioo lililo ubavuni, linaloonyesha kiasi kilichobaki. Spiriti ilikuwa haishuki.

Haikushuka kwa sababu watu hawakuwa tena na uwezo wa kopo zima. Walitaka kidogo, kikombe kimoja tu, cha kumalizia sufuria iliyo jikoni. Walikuja na chupa za maji mkononi, jiko wameliacha nyumbani.

"Chupa haina homa," mama mkwe aliwaambia. "Nitajuaje jiko lako limepoa? Nenda kalete kopo."

Wakavuka barabara kwenda kwa muuza mkaa. Waziri alikuwa hapumui kwa hasira.

"Mama, unawalinda watu ambao kesho hawatakuwa wateja wako."

"Wasiwe wateja, ila wawe wazima," alijibu, akaendelea kufuta kaunta.

Siku chache kabla ya ukaguzi goti lake lilivimba, akalazimika kulala nyumbani. Duka akamwachia Waziri. Karakana yangu ya kuchomelea vyuma iko ukuta kwa ukuta na duka, na niliona watu wanaingia na kutoka, nikafurahi kwamba biashara imefufuka. Asubuhi ya ukaguzi mama mkwe alikuja akichechemea. Niliingia kumsalimia nikamkuta amesimama mbele ya tangi. Kioo kilikuwa kitupu karibu chote.

"Umeuzia kwenye nini?" alimuuliza mwanawe.

Waziri aliinama akaanza kufuta kaunta iliyokuwa safi.

"Wa mwisho ni nani?"

"Fundi cherehani. Katoka sasa hivi na chupa. Anasema maharage hayajaiva na jiko limemzimikia."

Mama mkwe alikimbia. Kwa goti lile, alikimbia, nami nikamfuata mpaka chumba cha fundi cherehani, nyumba ya tatu kutoka dukani. Dirisha lilikuwa wazi na jua limejaa chumbani. Sare za shule zilining'inia kuta zote nne, vipande vya kitambaa vimetapakaa sakafuni. Fundi amechuchumaa, sufuria ameiweka kando, chupa ameifungua na ameiinamisha juu ya jiko.

"Usimimine," mama mkwe alisema, taratibu, kama anayemwongelesha mtu aliyelala.

"Limezima, mama. Angalia mwenyewe."

Niliangalia mimi. Moto ndiyo kazi yangu, na ningeapa mbele ya watu kwamba jiko lile limezima. Mama mkwe hakuangalia. Alipeleka kiganja juu ya mdomo wa jiko, akakirudisha ghafla akiuma meno. Kisha akaokota uzi sakafuni, akauning'iniza pale pale. Uzi ukashika moto.

Fundi aliing'ang'ania chupa kwa nguvu. Niliitoa mkononi mwake kidole kimoja kimoja. Niliogopa, sitajifanya shujaa. Nilikuwa nikiziangalia zile sare.

Tuliporudi dukani tulimkuta afisa, dada mmoja mpole mwenye kofia ya plastiki, ameshakagua tangi.

"Hongera, mama. Limeisha. Ruzuku yenu inabaki."

Waziri alinitazama, nami nikamtazama mama mkwe, nikiomba kimoyomoyo anyamaze. Alikuwa amekizungushia kiganja kitambaa kibichi.

"Zaidi ya nusu imeuzwa kwenye chupa," alisema.

"Mimi nimetumwa niangalie tangi, mama. Chupa sijaulizwa."

"Sasa nakwambia."

"Chupa zimekatazwa. Nikiripoti hilo, uwakala wenu wa spiriti ya ruzuku unaondoka leo."

"Usiporipoti, mwenzangu wa mtaa wa pili atasikia kwamba ukimaliza tangi kwa chupa unapongezwa. Mwezi ujao tutauza hivyo sote. Leo nimewahi. Nyumba nyingine nani atawahi?"

Afisa aliivua kofia, akakaa kwenye benchi la wateja. "Najua," alisema. "Ndiyo maana nilitaka kuondoka haraka." Kisha akanyanyuka, akaomba bisibisi, na Waziri mwenyewe ndiye aliyemsaidia kukiteremsha kibao cha serikali kilichokuwa juu ya mlango.

Mama mkwe alikopa, akanunua robo tangi kwa bei ya kiwanda. Wateja wengi walipoisikia bei waligeuza, wachache wakanunua kwa shida. Fundi cherehani alikuja baada ya siku kadhaa na kopo lake na pesa ya kikombe kimoja.

"Mama, kwenye moto umeniokoa," alisema. "Kwenye bei ataniokoa nani?"

Mama mkwe alilishika kopo kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ulikuwa bado na bandeji. Akalijaza mpaka juu, akapokea pesa ya kikombe kimoja.

"Hiyo sasa ni ruzuku," Waziri alisema, bila mzaha. "Serikali yako itaweza mpaka lini?"

"Mpaka hapo," alijibu, akionyesha kwa kidevu kioo cha tangi. Spiriti ilikuwa imebaki kimo cha kidole. Nje, kwenye benchi, walikuwa wamekaa wengine wanne, kila mmoja na kopo lake lililopoa mapajani na pesa ya kikombe kimoja mkononi.