Tuta la Ukingoni

Jumamosi jioni Mama Njia alirudi hoi, tena hoi hasa, si ule uchovu wa kuisha kwa kikombe cha chai. Alijibwaga kwenye kochi na buti zake za matope, akamwambia mumewe asimsemeshe. Mumewe, fundi cherehani mstaafu mwenye ulimi usiolala, akajitia kutii. Akaleta beseni la maji ya moto na kitambaa, akaanza kuyakanda magoti ya mkewe yaliyovimba. Kisha akashindwa kuvumilia, akamkumbusha kwamba daktari alishasema: kuinama na jembe basi, la sivyo atatembelea fimbo. Mama Njia akamjibu kwamba anajua, mwenye magoti ni yeye.

Kazi yake ilikuwa kufundisha watu wa kujitolea kuchonga njia za miguu kwenye msitu ulio juu ya mji, na kuzitunza. Watu wema kweli, kila mmoja na shughuli zake, wanakuja Jumamosi na majembe na masihara mengi. Lakini jamani! Somo la kwanza ni jepesi hata kwa mtoto: udongo unaochimba usiuache ukingoni, upande wa bonde. Ukiuacha unakuwa tuta, tuta linazuia maji yasiteremke, na maji yakikosa pa kutokea yanaila njia yote. Alilisema hilo mpaka koo likamkauka. Wao wakaitikia kwa vichwa, halafu wakajenga tuta zuri, wakalipigapiga kwa migongo ya makoleo, wakapiga nalo picha.

Sasa yeye afanyeje? Awagombeze watu wasiolipwa hata senti? Wangevunjika moyo, wasirudi tena. Akawa anawaaga, anadai anabaki kukusanya vifaa. Wakishapotelea kwenye kona, anainama, anafumua tuta na kuutupa udongo mbali bondeni, peke yake, akiuma meno. Miaka nenda miaka rudi, na alikuwa na hakika hakuna anayejua.

Alichotaka sasa ni mtu mmoja tu wa kumwachia msitu. Macho yake yalikuwa kwa Kinyozi, mwenye saluni karibu na stendi, bingwa wa porojo lakini mwenye mikono inayosikia. Kama huyo hataiva kabla ya mvua kubwa, njia zote zitaondoka na maji, na yeye atakuwa ameharibu magoti yake bure.

Jumamosi iliyofuata magoti yakagoma. Watu walikuwa wameshaondoka. Alifumua tuta nusu, kisha akajikuta amekaa chini kwenye matope, jembe kule, yeye huku. Akajaribu kuinuka, wapi. Machozi yakamtoka, ya hasira zaidi kuliko maumivu.

Aliyerudi ni Kinyozi, alikuwa amesahau koti lake. Akamkuta mwalimu wake chini, akamshika kwapani, akamkalisha kwenye gogo. Mama Njia akajitetea kwamba ameteleza tu akikusanya vifaa.

Kinyozi akalitazama jembe, akaitazama ile nusu ya tuta iliyobaki.

"Mama, tunajua," akasema. "Tunajua siku nyingi. Kila tukija tunakuta tuta halipo."

"Na bado mnalijenga?"

"Tunakuachia." Kinyozi akajikuna kichwa. "Tulidhani unapenda. Tukasema hiyo ndiyo sehemu yako, tusikunyang'anye."

 Kumbe Mama Njia alipokuwa akijificha, wao walikuwa wakishuka kilima na kuona wamemtendea wema.

"Sipendi," akasema. "Sijapenda hata siku moja. Magoti yananiua, mwanangu. Nimechoka."

Neno hilo hakuwahi kulitamka msituni mbele ya mtu yeyote.  Kinyozi akaliokota jembe, akaanzia pale mama alipoishia, akavuta udongo na kuutupa mbali, chini kabisa bondeni, kisha akausawazisha ukingo ili maji yapite. 

Mama Njia akamtazama akifanya kila kitu sawasawa, kama alivyofundishwa tangu siku ya kwanza, na akashindwa kujua amshukuru au amchape.