Ndege ya Kwanza na Mkono wa Kulia

Nasema mapema, nisije nikaonekana mwema: ile ndege niliinunua ili kuhonga mtoto.

Naishi na mwanangu wa kiume na familia yake huku bara, mtaa wa Mountain View. Mjukuu wangu wa kike ana miaka saba, na tangu aote meno tulikuwa tukila pamoja, mimi na yeye, ubavu kwa ubavu. Sasa alikuwa hataki tena. Mimi nikiketi kula, yeye huyoo, anachukua sahani yake na kwenda jikoni. Anakula amesimama kando ya sinki, kanipa mgongo.

Sababu naijua, ni mimi. Mtoto ana shoto. Penseli kushoto, mswaki kushoto, kijiko kushoto. Nami nimezaliwa Mombasa, nikalelewa na mama ambaye ukipeleka mkono wa kushoto kinywani, unakula kofi kabla ya tonge. Basi nikawa nampiga vikofi vya mkononi. Si vya kuumiza, lakini vya kila siku. "Mkono wa kulia ndio wa kulia chakula!" Wimbo wangu huo, asubuhi, mchana na jioni, na Mungu nikamtia humohumo, kwamba anaona na hapendi. Mwanangu akaniambia, "Mama, mwache mtoto." Nikamjibu kuwa yeye nilimnyoosha vivyo hivyo na hakufa. Wiki hiyo ndipo sahani ilipohamia jikoni.

Nilijifanya sijali. Uongo mtupu! Niliumia. Nilizoea kula huku naulizwa kwa nini samaki hafumbi macho, na sasa nilikuwa nasikia kutafuna kwangu mwenyewe. Nilimtaka mjukuu wangu arudi ubavuni pangu, basi.

Yeye na mdogo wake wa miaka mitano walikuwa wanaimba ndege ya rimoti kila siku. Haya, nikasema, ndege watapata. Ijumaa, baada ya swala, nikapanda ngazi za jengo moja katikati ya mji, mojawapo ya yale yenye vibanda vidogovidogo, huyu anauza simu, jirani yake nywele za kusuka, wa tatu vitu vya kuchezea. Huyo wa tatu alikuwa mama wa makamo, mnene, kajifunga kilemba, kashika kikombe cha chai.

"Karibu mum. Unatafutia nani?"

"Wajukuu. Nipe ile." Nilikwisha kuichagua toka mlangoni: nyekundu, inang'aa, ina makombora chini ya mabawa. Nikitoa hongo, natoa hongo ya maana.

Hata hakuigusa. "Wako na miaka ngapi?"

"Saba na tano."

"Na nani atawafunza kurusha? Wewe umewahi rusha?"

"Mimi? Nimewahi kupanda tu, tena mara moja, na macho nimefumba."

Alicheka mpaka chai ikamwagikia mkononi. "Hiyo nyekundu inakimbia kama wazimu, mum. Itaenda juu dakika moja, irudi vipande vipande. Watoto walie, alafu ukuje kunipigia kelele hapa. Ndege ya kwanza hukuwa nyepesi, mabawa mapana, na isikuwe na haraka."

Akainama chini ya meza akatoa dude jeupe, la ile sponji ngumu inayozungushiwa televisheni ndani ya katoni. Nikaliangalia. "Hii si ndege, hii ni sahani ya chipsi imeota mabawa."

Mama yule akaishika mkiani. Aliinua mkono, akaibamiza ukutani.

"Yallah!" nikapiga kelele, mpaka wa nywele akachungulia. Ndege ilianguka, akaiokota, akainyoosha pua kwa kidole gumba, akanionyesha. Haikuvunjika. Ikichanika, akasema, ni gundi tu na inarudi hewani. Kipangaboi chake, kile cha kuisukuma, kilikuwa nyuma, mbali na vidole vya watoto. Rimoti ilikuwa na vijiti viwili tu, kimoja cha kuipandisha, kimoja cha kukata kona. Akaniwekea betri ya pili, akaniagiza nirushe asubuhi kabla ya upepo, pasipo na miti wala nyaya za stima.

"Na mtu mzima akuwe mmoja tu wa kuwaelekeza," akamaliza. "Mwenye hana makelele."

Nikamwambia mimi ni mpole sana.

Jumapili asubuhi tukaenda kwenye uwanja wa shule ya mtaani. Mlinzi alitufungulia kwa sharti kwamba naye aangalie. Mdogo alipewa kazi ya kuirusha kwa mkono, dada mtu akashika rimoti, nami nikasimama nyuma yake, nimejifunga leso kiunoni, rubani mkuu.

Ikapaa! Wallahi ilipaa, ile sahani ya chipsi, juu ya vichwa vyetu. Ila ilikuwa inaelekea ukuta wa madarasa, upande wa kushoto. "Kulia!" nikamwambia. "Kata kulia!" Akakata kushoto zaidi. Paa, ukutani.

Haya, bahati mbaya. Tukaipangusa, ikaruka tena, ikaenda tena upande uleule. "Kulia, mama! Kulia! Kulia nimesema!" Akajitahidi, namwona, kijiti amekibana mpaka mwisho, na ndege ikageuka kushoto na kuzama kwenye ua wa kayaba. Mlinzi akaingiza mkono kwenye miiba, akatutolea.

Ya tatu, ukutani tena. Hapo upole ukaniisha. "We mtoto! Darasa la pili zima hujui kulia? Kulia ni wapi? Nionyeshe!"

Aliweka rimoti kwenye nyasi na kufumba macho, anafikiri. Kisha mkono wake wa kushoto ukainuka polepole, vidole vimejikusanya kama vimeshika tonge, ukaelekea mdomoni. Kabla haujafika akafumbua macho, akaniona, akauficha mgongoni.

"Si ni huu?" akasema kwa sauti ndogo. "Ulisema mkono wa kulia ndio wa kulia chakula. Mimi nakulanga na huu. Huwezi ona, nakulanga jikoni."

Mtoto alikuwa amenitii neno kwa neno. Kila nilipopiga kelele alikata upande ule ule niliomfundisha mwenyewe, na bado nilimfokea. Na ule mkono aliouficha, aliuficha nisiupige. Niliona haya, haya za kweli, uso ukaniwaka moto mbele ya mlinzi wa watu.

"Chukua rimoti," nikamwambia. "Mimi sisemi tena."

Kunyamaza kulinitesa, ilibidi nitie pindo la leso mdomoni. Ndege ikainuka. Ikaelekea ukutani, mtoto akaiangalia, akasogeza kijiti huku, ikamkataa, akasogeza kule, ikageuka. Alijua mwenyewe! Ikazunguka uwanja mara moja, mara mbili, mdogo wake anaikimbiza chini yake akipiga mayowe, na mlinzi naye nyuma yake, mtu mzima na rungu lake. Hatukuondoka mpaka betri zote mbili zikaisha.

Mchana nilipika wali wa nazi na samaki. Wakubwa walikuwa wametoka. Nikawapakulia watoto, na msichana kama kawaida yake akachukua sahani, akaelekea jikoni.

"Njoo ule hapa," nikamwita.

Alisimama mlangoni. "Na mkono gani?"

"Wako. Ule unaokujia."

Akasogea hatua moja. "Na Mungu?"

Swali hilo nilikuwa nimelipanda mimi. "Mungu ndiye aliyekupa," nikasema. "Akiuliza, aniulize mimi."

Aliniangalia machoni, anatafuta mtego uko wapi. Kisha akaja akaketi kuliani kwangu, karibu kabisa, akamega tonge kwa mkono wake wa kushoto. Nami nikamega langu. Viwiko vyetu vikagongana, wali ukamwagika mkekani. Tonge la pili, vikagongana tena. Hakuna aliyesogea.