Poda Kwenye Kola ya Mume Wangu

Mwezi mzima mume wangu ana furaha, na mimi hiyo furaha siiamini.

Mtu anabeba magunia sokoni Gikomba, anarudi nyumbani akipiga mluzi?

Leo asubuhi nikifua shati lake nikaona kola ni nyeupe. Poda.

Nikalianika.

Jioni nikamfuata hadi Majengo, kwa Mama Zuhura, yule mjane anayeuza mahamri. Ndani kaseti inaimba. Nikasukuma mlango.

Mume wangu, Baba Nekesa, amejifunga leso kiunoni, unga hadi kolani, anasukuma chapati huku Mama Zuhura akimwelekeza. Mwanamume wa Kakamega, ambako mwanamume haingii jikoni!

“Usinicheke,” akaniambia. “Nilidhani hii mikono ni ya magunia tu.”

Sikucheka. Nikaonja chapati yake.

Ni laini kuliko zangu.

Sasa niambieni, wenzangu: hiyo miaka kumi amekula zangu akisema ni tamu, alikuwa ananidanganya?